Makhan Singh, Mtetezi wa Wafanyakazi Tuliyemsahau

Mlezi wa chama chetu alipotuomba tuandike maisha ya mashujaa kwa ajili ya jarida la mwaka huu, wenzangu walikimbilia majina yanayojulikana. Kuna aliyemchukua Tom Mboya, kuna aliyemchukua Dedan Kimathi, na wasichana wawili walimgombania Mekatilili wa Menza kidogo wang'oane nywele. Mimi nilipotaja jina la Makhan Singh, darasa likaangua kicheko. Mwenzangu wa dawati aliniuliza ni lini Mhindi aliwahi kuwa mfanyakazi, maana yeye tangu azaliwe amewaona nyuma ya kaunta tu wakihesabu pesa. Sikumjibu. Hata mimi, mwezi mmoja kabla ya siku hiyo, ningesema maneno hayo hayo.

Kabla sijaingia katika maisha ya mtu huyu, sharti niwaeleze kilichonipeleka kwake. Mama yangu ni kibarua katika kiwanda cha kushona nguo huko Industrial Area. Muhula uliopita alikuja nyumbani na fomu ya chama cha wafanyakazi. Alikuwa ameambiwa na wenzake ajaze na kutia sahihi, lakini alikuwa na hofu, kwa sababu kuna walioachishwa kazi baada ya kuonekana wakizungumza na watu wa chama. Aliniuliza nina maoni gani. Mimi nilimwambia asitie sahihi hata kidogo. Nilijua akikosa kibarua, karo yangu itatoka wapi? Nilimwambia ati vyama ni vya watu wa kelele, na kwamba mnyonge hana haki. Mama aliikunja ile fomu akaiweka ndani ya Biblia yake, mambo yakaishia hapo.

Wiki iliyofuata, mwalimu wa historia alitufundisha juu ya vyama vya wafanyakazi katika enzi za ukoloni, na jina la Makhan Singh likapita kama umeme. Lilikuwa jina moja tu katika sentensi moja. Sijui kwa nini lilinikwama. Nilikwenda maktaba, nikasoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona aibu kwa yale niliyomwambia mama. Basi tegeni masikio.

Makhan Singh alizaliwa tarehe 27 Desemba mwaka wa 1913 katika kijiji cha Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, katika jimbo la Punjab. Wakati huo Bara Hindi lote lilikuwa chini ya Waingereza. Leo kijiji hicho kiko nchini Pakistan. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa seremala. Mnamo mwaka wa 1920 mzee huyo alivuka bahari akaja Kenya kufanya kazi ya reli, akamwacha mtoto na mama yake kijijini. Miaka 7 baadaye, yaani mwaka wa 1927, kijana Makhan aliletwa Nairobi akiwa na umri wa miaka 13. Alisoma katika shule ya serikali ya Wahindi, ile ambayo siku hizi tunaiita Jamhuri High School. Siku hizo shule zilitengwa kwa rangi. Mzungu alikuwa na yake, Mhindi na yake, Mwafrika na yake, ikiwa aliipata.

Alikuwa mwanafunzi hodari, na wana chama cha Kiswahili watafurahi kusikia kwamba alipenda kutunga mashairi kwa lugha yake ya Kipunjabi. Baada ya kufaulu mtihani wa London aliingia katika kiwanda cha kupiga chapa ambacho baba yake alikuwa amekianzisha baada ya kuacha kazi ya reli. Ewe msomaji, hebu fikiri! Huyu alikuwa mtoto wa mwenye kiwanda. Angeweza kukaa kitako, akala na kunywa, akawa tajiri wa kuajiri watu kama matajiri wengine. Lakini mitambo ile ya baba yake ndiyo iliyomgeuza kuwa mwiba kwa matajiri.

Ili tuelewe alichokifanya, yafaa tujue hali ilivyokuwa. Mishahara ilipangwa kwa rangi ya ngozi. Mzungu alikuwa juu kabisa, Mhindi katikati, na Mwafrika chini kabisa, hata kama wote walifanya kazi moja. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alilazimika kubeba kipande. Ndani ya kipande kulikuwa na alama za vidole vyake, jina la tajiri wake na kazi aliyofanya. Kutembea bila kipande kulikuwa kosa la kupelekwa mahakamani. Mimi nina miaka 16. Ningezaliwa enzi hizo, ningekuwa nimeshavishwa kipande shingoni kama kengele ya mbuzi. Mafundi wa Kihindi, yaani maseremala, waashi na makanika, hawakubeba kipande, lakini nao walifanyishwa kazi kutwa kucha kwa malipo hafifu, na tajiri wao mara nyingi alikuwa Mhindi mwenzao. Hapo ndipo nilipotambua kwamba mwenzangu wa dawati alikosea. Sio kila Mhindi alikuwa nyuma ya kaunta. Wengine walikuwa na msumeno mkononi.

Mwaka wa 1935 mafundi wa Kihindi jijini walikuwa na chama kidogo kilichokuwa kikisuasua. Walimchagua Makhan Singh kuwa katibu wao. Alikuwa na umri wa miaka 21 tu. Jambo la kwanza kubwa lililofanyika chini yake ni kubadilisha jina la chama. Neno la Uhindi likaondolewa, na mlango ukafunguliwa kwa mfanyakazi yeyote, awe wa rangi gani au dini gani. Kwetu leo hilo ni jambo la kawaida. Mwaka wa 1935, katika mji ambao hata vyoo vilitengwa kwa rangi, lilikuwa jambo la kushtua. Yeye alielewa kwamba mradi mafundi wa Kihindi wako peke yao na vibarua Waafrika wako peke yao, tajiri atawatumia hawa kuwavunja wale. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Silaha yake ilikuwa karatasi. Alikuwa akipiga chapa matangazo na kuyasambaza kwa lugha mbalimbali za wafanyakazi, Kiswahili kikiwemo. Wale wanaosema Kiswahili hakina faida wakumbuke hilo! Bila lugha ya kuwaunganisha, watu hawa wangeungana vipi?

Mwaka wa 1936 chama kilidai siku ya kazi iwe ya muda wa saa 8. Kiliwatangazia matajiri kwamba kuanzia tarehe 1 Oktoba wanachama hawatazidisha muda huo. Matajiri wengi walikubali. Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili, ukaja mgomo wa kudai nyongeza ya mshahara. Mgomo huo ulichukua siku 62. Jamani, siku 62 bila mshahara ni karibu muhula mzima wa shule! Mtu anaingiwa na baridi akifikiria watoto wa mafundi wale walikula nini. Lakini hawakulegea. Mwishowe walipata nyongeza ya kati ya asilimia 15 na asilimia 22, muda wa saa 8 ukakubaliwa, na waliogoma wakarudishwa kazini. Mwaka huo huo wa 1937 serikali ikatunga sheria ya kuandikisha vyama vya wafanyakazi, na chama chao kikapanua mipaka na kujiita cha Afrika Mashariki.

Nisiwadanganye. Ushindi huo uliwafaa zaidi mafundi wa Kihindi. Mwafrika aliyekuwa akifagia karakana ile ile alipata haba. Makhan Singh aliliona hilo, na ndiyo sababu hakutosheka. Kufikia mwaka wa 1939 viongozi wa Kikuyu Central Association, Jesse Kariuki na George Ndegwa, walikuwa wamechaguliwa katika kamati ya chama. Mwaka huo huo vibarua wa Mombasa, pamoja na wale wa bandarini, waligoma, na serikali ikaanza kuuliza ni nani anayewasha moto huu.

Mwisho wa mwaka wa 1939 Makhan Singh alisafiri kwenda India. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimeanza, na Waingereza hawakutaka mtu wa migomo atembee ovyo. Walimkamata mwaka wa 1940, bila kumfikisha mahakamani, wakamweka kizuizini kwa muda wa miaka miwili hivi. Walipomtoa, walimfungia kijijini kwao asitoke hadi mwanzo wa mwaka wa 1945. Baada ya hapo alifanya kazi katika gazeti la wakomunisti wa Punjab. Hakuuficha ukomunisti wake kamwe, hata ulipomletea balaa.

Alirudi Kenya mwezi wa Agosti mwaka wa 1947, na alipofika tu akapewa amri ya kuondoka. Alikataa. Serikali ilijaribu tena na tena kumfukuza, naye akapambana nayo mahakamani kwa sheria zake yenyewe, ikashindwa. Nchi aliyoirudia ilikuwa inachemka. Mwezi wa Januari mwaka huo wafanyakazi wa Mombasa walikuwa wamegoma mji mzima, na kijana Chege Kibachia akawa kiongozi wa shirikisho lao. Serikali ilimkamata Kibachia mwezi wa Agosti na kumpeleka kizuizini. Chombo kilikuwa kimepoteza nahodha.

Tarehe 1 Mei mwaka wa 1949, Siku ya Wafanyakazi, vyama kadhaa viliungana jijini Nairobi na kuunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki. Rais wake alikuwa Fred Kubai na katibu mkuu alikuwa Makhan Singh. Mkikuyu na Singasinga, bega kwa bega. Serikali ilikataa kuliandikisha shirikisho hilo. Mwezi wa Machi mwaka wa 1950 Nairobi ilipopewa hadhi ya jiji na Mfalme wa Uingereza, kwa sherehe na mbwembwe, shirikisho liliwaambia wafanyakazi wasishiriki. Lilikuwa na hoja. Jiji gani hilo la kusherehekewa na watu wanaolala kumi katika chumba kimoja?

Sasa nafika mahali panaponigusa mimi binafsi. Kila asubuhi nikija shuleni napita karibu na mtaa wa Kaloleni, kando ya barabara ya Jogoo. Nimepita hapo miaka mitatu bila kujua lolote. Kumbe tarehe 23 Aprili mwaka wa 1950, katika Ukumbi wa Kaloleni, chama cha KAU na chama cha kisiasa cha Wahindi vilifanya mkutano wa pamoja, na Makhan Singh akasimama mbele ya umati kutoa pendekezo kwamba Kenya na nchi jirani zipewe uhuru kamili, na mara moja. Wakati huo wanasiasa wengi walikuwa wakiomba viti zaidi katika baraza la kutunga sheria. Yeye alidai nyumba yote. Siku hizi nikifika hapo huchelewesha hatua kidogo, ingawa kengele ya shule hainisubiri.

Hazikupita siku nyingi. Tarehe 15 Mei yeye na Kubai walikamatwa. Siku iliyofuata Nairobi ililala. Wafanyakazi waligoma kwa siku 9, wakidai viongozi wao waachiliwe, Chege Kibachia akiwa mmojawao, mshahara wa chini uwe shilingi 100, na nchi ipewe uhuru. Serikali ilileta askari, magari ya deraya na gesi ya kutoa machozi. Watu walikamatwa na wengi wakapoteza kazi. Mgomo ulivunjwa. Lazima niliseme hili pia, kwa sababu hofu ya mama yangu si ya bure. Anayegoma anaweza kushindwa, na akishindwa hulipa yeye na watoto wake.

Kesi ya Makhan Singh ilisikilizwa Nyeri. Hakujipendekeza. Alikiri kwamba yeye ni mkomunisti na kwamba Waingereza hawana haki ya kuitawala nchi hii. Mwezi wa Juni mwaka wa 1950 akapelekwa kizuizini Lokitaung, kule kaskazini mwa Turkana ambako jua huchoma mawe. Baadaye alihamishwa Maralal na mwishowe Dol Dol. Zaidi ya mara moja alionyeshwa kwamba mlango uko wazi iwapo atakubali kuihama Kenya na kurudi India. Alikataa. Alisema nyumbani kwake ni hapa. Mkewe na watoto wakabaki Nairobi wakimngojea, mwaka baada ya mwaka.

Hebu tufanye hesabu. Mzee Jomo Kenyatta alikamatwa mwezi wa Oktoba mwaka wa 1952 na kuachiliwa mwezi wa Agosti mwaka wa 1961. Makhan Singh alitiwa ndani miaka miwili kabla yake na akaachiliwa miezi miwili baada yake, mwezi wa Oktoba mwaka wa 1961. Hiyo ni miaka 11 na zaidi. Alipoingia alikuwa kijana wa miaka 36. Alipotoka alikuwa anakaribia 48.

Msomaji anaweza kudhani kwamba uhuru ulipopatikana alipewa wizara, au ubalozi, au angalau shamba. Wapi! Hakupewa cheo chochote serikalini. Asante ya punda ni mateke. Lakini sijasoma popote kwamba alikwenda kulalamika mlangoni kwa mtu. Alirudi kwenye karatasi zake, zile alizozihifadhi tangu ujana, akakaa akaandika. Mwaka wa 1969 kikatoka kitabu chake juu ya historia ya vyama vya wafanyakazi nchini Kenya hadi mwaka wa 1952. Katika kitabu hicho anawataja wafanyakazi wengine kuliko anavyojitaja yeye. Aliendelea na sehemu ya pili, lakini moyo wake ulisimama mwezi wa Mei mwaka wa 1973, akiwa na umri wa miaka 59. Kitabu hicho cha pili kilichapishwa mwaka wa 1980 yeye akiwa ametangulia mbele ya haki.

Nchi imebadilika tangu hapo. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na haki ya kugoma. Mwaka wa 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Kiasia kuwa kabila la 44. Makhan Singh hakuziona siku hizo, lakini jasho lake limo ndani yake. Hata hivyo, haki iliyoandikwa kwenye katiba na haki iliyoko kiwandani ni vitu viwili tofauti. Mama yangu bado huondoka alfajiri na kurudi giza limeingia, na muda wa saa 8 uliopiganiwa mwaka wa 1936 hajauonja kila siku.

Nilipomaliza kuandika makala haya nilimsomea mama usiku mmoja, yeye akichambua mboga. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza wale mafundi wa mwaka wa 1937 walikula nini katika zile siku 62. Nikamwambia kitabu nilichosoma hakikuniambia. Akasema hilo ndilo ambalo angependa kulijua kwanza. Fomu bado imo ndani ya Biblia. Kutia sahihi au kutotia ni juu yake, kwani mkono utakaokosa kibarua ni wake. Ila nimeacha kumkataza. Nimemwambia kwamba akitia, tutapunguza matumizi pamoja, na mimi nitatembea kwa miguu kuja shuleni badala ya kupanda matatu, hata mvua ikinyesha.

Naye mwenzangu wa dawati nimempa makala haya ayasome kabla ya wengine. Hakucheka. Aliniuliza tu kama ni kweli ukumbi ni ule ule wa Kaloleni tunaoupita. Nikamwambia ndio, ni ule ule.

Wanafunzi wenzangu, kesho na keshokutwa baadhi yetu tutakuwa vibarua, wengine tutakuwa matajiri wa kuajiri. Makhan Singh alikuwa na nafasi ya kuchagua upande, akachagua. Nasi tusiulizane kabila wala rangi kabla ya kuulizana haki. Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Kwaherini, tukutane katika jarida la mwaka ujao, Mungu akipenda.